Mashine ya Njia ya Madam Pauline

Jumapili ile Masila alikuwa ametoka kwenda kunywa chai tu, hana nia mbaya na mtu. Hilo lazima lisemwe mapema, maana watu wa Machakos wana midomo. Mtu akienda zake kunywa chai, halafu riziki ikaja yenyewe ikakaa meza ya pili na kuvua helmeti, kosa ni la nani?

Riziki yenyewe ilikuwa chama cha waendesha baiskeli. Watu wazima na heshima zao, wamevaa nguo za kubana mpaka wengine ukiwaona unageuza uso kwa adabu. Walikuwa wamepanda vilima vya Iveti wakashuka, na sasa wamejaa kibandani karibu na uwanja wa michezo, wanakula mayai na kubishana. Baiskeli zao zilikuwa zimeegemezwa ukutani, na yoyote kati ya hizo ungeiuza ukapata ng'ombe wa maziwa pamoja na ndama wake.

Ubishi ulikuwa wa kompyuta. Si hizi za ofisini, la. Zile ndogo za GPS zinazofungwa kwenye usukani, zikakuonyesha njia, kasi, mlima uliobaki, na vile moyo wako unavyopiga. Mmoja anasifu yenye kioo kikubwa. Mwingine anasema kioo si hoja, hoja ni betri. Wa tatu ana yake ya mwaka jana, tayari anaionea aibu.

"Bila ramani nzuri mtu atapotea bure," alisema daktari mmoja wa meno, mzaliwa wa Mutituni pale juu, ambaye njia ya kwao angeipita amefumba macho.

Masila akaweka kikombe chini. Watu wanaotafuta mashine ya kuwaonyesha njia ya kwao! Chai ilimpoa mbele yake na hakujali.

Sasa, msimhukumu haraka. Kijana huyu alikuwa na shida ya kweli. Jumamosi iliyokuwa ikija alitakiwa apeleke ntheo kwa kina Nzilani, na kila Mkamba anajua ntheo ni mbuzi watatu, wenye miguu minne kila mmoja, wanaolia mee. Bila wao hakuna mke. Nzilani, mrembo anayefanya kazi ya maabara na asiye na mchezo, alikuwa amemwambia wazi, "Mama yangu hataki hadithi. Anataka mbuzi. Usipokuja na hizo mbuzi, Masila, mimi na wewe tumemalizana." Na Masila alimpenda Nzilani kwelikweli. Ni mapenzi yake pekee ambayo hayakuwa na mpango nyuma yake. Lakini mfukoni alikuwa na funguo na matumaini, basi.

Alichokuwa nacho nyumbani ni katoni ya vyuma vilivyokufa. Vilikuwa vile vidude vya kupimia joto vinavyofungwa kwenye mashine za kuangulia mayai: vyeusi, vidogo, kioo mbele, vitufe vitatu. Alivipata kwa fundi aliyekuwa anavitupa, kwa sababu namba ilikuwa imekwama. Vyote vilionyesha 37.5, joto la kuku aliyelalia mayai, na havikusogea hapo hata ukiviweka juani au kwenye friji. Vilijua jambo jingine moja tu. Kila baada ya muda vililia *tii-tii-tii*, kumkumbusha mfugaji ageuze mayai.

Masila alivitazama jioni ile, akavifikiria, akaviona vikiwa juu ya baiskeli. Thelathini na saba nukta tano. Hiyo si joto. Hiyo ni kasi!

Basi, tusivute mambo. Asubuhi iliyofuata, Jumatatu, alikuwa tayari ameulizia nani katika chama kile anatafuta mashine kwa moyo wote. Jina lililotajwa na kila mtu lilikuwa moja: Madam Pauline. Meneja wa benki aliyestaafu, mama wa makamo mwenye miguu ya chuma, ambaye kila Jumapili alishindwa na mwenyekiti wa chama kwa urefu wa tairi na hakulala vizuri kwa sababu hiyo.

Walikutana kibandani palepale. Madam Pauline alikuja kwa baiskeli, helmeti kichwani, miwani mikubwa myeusi machoni, nusu ya uso haionekani. Alimtazama Masila kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Masila alidhani ni koti lake.

"Sasa, kijana. Nasikia uko na mashine."

"Shikamoo, madam. Siko na mashine. Niko na mashine *tatu*," alisema Masila, akakunjua kitambaa cheupe mezani kama padri anayeandaa altare. Vidude vitatu vililala hapo, vimesuguliwa mpaka vinang'aa. "Lakini mimi siuzi ovyo. Mashine kama hii inachaguliwa kama mchumba. Ukikosea, unalia ukiwa barabarani."

"Kumbe unajua mambo ya mchumba."

"Ninajua, madam. Sana."

Madam Pauline alitabasamu, akavuta kiti. "Haya. Nichagulie."

"Hii ya kwanza ni ya watu wa kawaida. Inakupeleka Kangundo na kukurudisha, basi. Ukiipeleka Kola inachanganyikiwa. Hii ya pili ni ya mashindano, inajua kila kona mpaka Mitaboni, hata zile njia za mbuzi."

"Njia za mbuzi inazijua?"

"Zote."

"Na hii ya tatu?"

Masila akaifunika kwa kiganja haraka, uso umejaa majuto. "Hiyo, pole, nimeileta kwa makosa. Hiyo si ya kuuza. Kuna mtu ameiagiza." Akainama, akanong'ona. "Ni mwenyekiti wenu, madam. Lakini mimi sijasema kitu."

Hapo, kwa kawaida, mteja huvuta pumzi. Madam Pauline aliivuta vizuri kabisa.

"Ina satelaiti ngapi?"

"Unataka ngapi?"

"Na betri?"

"Betri yake utawaachia wajukuu."

"Hii namba ni ya nini? Tuko tumekaa, na inasoma thelathini na saba na nusu."

Jamani, mtu mwingine angetoa jasho. Masila alimtazama kwa huruma ya mwalimu. "Madam, zile za bei rahisi zinakuonyesha kasi *unayoenda*. Hiyo hata wewe unaijua. Hii inakuonyesha kasi *unayoweza*. Imekusoma ulipokaa. Mwenyekiti aliposhika ilisoma ishirini na moja."

*Tii-tii-tii*, ikalia mashine.

"Na huo mlio?"

"Imemkubali mwenyewe."

Madam Pauline alishika mdomo na kukohoa kwa muda mrefu. Masila alimwagizia maji. Alipotulia, aliuliza swali moja la mwisho, polepole. "Na hii kitu ikipotea, ama mtu aniibie. Inaweza kurudi nyumbani?"

"Madam, hii ikishajua nyumbani ni wapi, haisahau. Utaiona tu mlangoni."

"Hapo umenimaliza," alisema mama yule. "Naichukua. Lakini pesa zangu ziko fixed, hazitoki mpaka mwaka uishe. Niko na mbuzi. Mbuzi tatu utakubali?"

Masila alishika ukingo wa meza. Mungu wa mama yake, aliyemsahau tangu Pasaka, alikuwa amemwona!

"Mbuzi," alisema, kwa sauti ya mtu anayejinyima, "nitavumilia."

Mbuzi waliletwa mjini kwa pikapu Ijumaa. Walikuwa wanono, wenye manyoya safi, beberu mmoja mwenye ndevu za mzee wa kanisa na majike mawili. Usiku ule Masila alilala fofofo.

Jumamosi alivaa suti. Alimchukua mjomba wake, Mzee Musyoka, awe msemaji, kwa kuwa ntheo haipelekwi na mtu peke yake. Mzee naye alivaa kofia yake ya Krismasi. Gari la kukodi liliwaacha soko la Mitaboni, dereva akaapa kwamba barabara ya mbele ingemvunjia springi. Haidhuru. Nzilani alikuwa ametuma ramani kwa simu.

"Simu inasema tushike kushoto," alisema Masila.

Mbuzi walishika kulia.

Hawakushika kidogo. Walishika kulia kama waajiriwa waliochelewa kazini. Masila akavuta kamba, viatu vikateleza, suti ikala vumbi la kwanza.

"Hebu tuwafuate hawa," alisema Mzee Musyoka. "Wanaonekana wana hakika."

"Mjomba, tunafuata simu! Mbuzi anajua nini?"

Basi wakawaburuta kushoto. Walipita mashamba ya mahindi, wakapita kanisa, wakapita kina mama waliosimama kuangalia vijana wa siku hizi. Beberu alilala chini mara kadhaa na ikabidi abembelezwe. Mwishowe simu ilitangaza kwamba wamefika. Walikuwa wamefika silanga, bwawa la kunyweshea ng'ombe, na alama ya Nzilani ilikuwa katikati ya maji.

"Aiya," alisema Mzee Musyoka, akavua kofia. "Unaoa mamba?"

Masila alipoinua simu juu kutafuta mtandao, mkono wa kamba ukalegea. Beberu hakungoja kuambiwa. Alikata kona, majike nyuma yake, na watatu wale wakatokomea kichakani wakielekea kulekule walikotaka kwenda tangu mwanzo.

"Mbuzi zangu!" Masila alipiga kelele iliyotoka tumboni. "Nzilani wangu!"

Akakimbia. Aliruka mtaro, akapasua suruali kwenye ua wa katani, akaanguka, akaamka. Nyuma yake alimsikia mjomba akimwomba Mungu kwa Kikamba. Kila alipodhani amewapoteza aliona mkia mbele, kisha kona, kisha mkia tena. Hatimaye mbuzi wakaingia kwenye lango kubwa lililo wazi. Ndani kulikuwa na hema, viti, sufuria kubwa motoni, na wageni waliovaa vizuri. Nzilani alikuwa amesimama mlangoni, amevaa nguo ya kijani.

Masila alisimama akihema. Alikuwa amefika! Mbuzi wamefika! Alitaka kulia kwa furaha. Mzee Musyoka naye alitokea langoni, akameza mate, akaanza hotuba yake palepale.

"Watu wa nyumba hii, sisi ni wageni. Tumetoka mbali, tumewaletea mbuzi hawa wageni wenzetu..."

Mbuzi wageni hawakusimama kusikiliza. Walipita katikati ya hema bila kumsalimu mtu, wakazunguka nyumba, beberu akasukuma mlango wa banda kwa kichwa mahali palipochakaa kwa kusukumwa hivyo kila siku, na wote watatu wakaingia. Kila mmoja akasimama kwenye hori lake. Wakaanza kula.

Hotuba ya mjomba ilikatika.

"Mwenyekiti amerudi," ilisema sauti ya mwanamke kutoka barazani. "Na Katibu. Na Mweka Hazina. Karibuni nyumbani."

Mama wa Nzilani alishuka ngazi taratibu. Amejifunga leso, kichwani kilemba, hana miwani. Masila alitazama uso ule, halafu akatazama miguu ile ya chuma, akamtambua.

"Madam Pauline," alisema.

"Pauline ni la benki na la baiskeli. Hapa mimi ni mama Nzilani. Picha yako nilionyeshwa zamani, kijana. Siku ile nilikuja kununua mashine, nikakutana na mkwe wangu." Akatoa mfukoni kidude cheusi. "Niko na ingine kama hii kwa nyumba ya kuku. Hiyo yangu inafanya kazi."

*Tii-tii-tii*, kikalia.

"Geuza mayai!" alipiga kelele shangazi mmoja kutoka nyuma, na hema zima likaangua kicheko. Hata Mzee Musyoka alicheka, msaliti, akajitafutia kiti karibu na sufuria.

Nzilani hakucheka. Alikuja mpaka mbele ya Masila, macho yamejaa maji. "Nilimwambia mama wewe ni mtu wa biashara. Nikakutetea."

"Nzilani, nilifanya kwa sababu yako."

"Mimi sikukutuma umwibie mama yangu!"

Masila akainamisha kichwa. "Nimekosa, Mwaitu," alimwambia mama yule, akitumia neno la heshima la nyumbani. "Nimekosa kabisa."

Mama Nzilani alikirudisha kidude mfukoni. "Neno la kwanza la maana kutoka kwako. Sasa sikiliza. Mbuzi wa nyumba hii hawawezi kuoa binti wa nyumba hii. Leo ni siku ya soko la Kathiani. Hiyo suti ina vifungo vizuri, na simu yako inaonekana ni ya bei. Nenda ukauze unavyotaka, lakini vyako mwenyewe, urudi na mbuzi watatu uliowanunua mchana, watu wakiona."

"Nitaenda na nini? Gari limerudi."

Mama alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi akisukuma baiskeli yake ya bei ya ng'ombe. Akakifunga kile kidude kwenye usukani, kwa uangalifu, akakifuta vumbi kwa leso.

"Hii inaenda thelathini na saba na nusu kwa saa. Wewe mwenyewe uliniambia. Kwa hivyo utarudi kabla pilau haijaiva."

"Na nikichelewa?"

Mama alimgeukia binti yake. Nzilani alifuta macho kwa kiganja. "Nitangoja mpaka chakula kiishe," alisema. "Mjomba wako anakula haraka."

Masila alitazama upande wa sufuria. Mzee Musyoka alikuwa tayari ameshika sahani.

Alipanda. Wageni walisimama langoni wakimshangilia na kumtaka abadilishe gia asizozijua. Kuteremka kulikwenda vizuri. Halafu barabara ikaanza kupanda, mlima mwekundu mrefu usio na kivuli, na kabla ya kona ya pili alikuwa ameshuka, anasukuma, shati limegandamana na mgongo, soksi moja imepotea. Kutoka kwa kina Nzilani kulifika harufu ya pilau ikikaribia kuiva. Kwenye usukani, kile kidude kiliendelea kumwambia bila aibu kwamba anakwenda kwa kasi ya thelathini na saba na nusu, na kwa mara ya kwanza tangu aanze biashara Masila aliomba, kwa moyo wake wote, mashine yake iwe inasema kweli.