Stima Hadi Stoo ya Bustani

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nina wazo! Ile stoo ya mabati mwisho wa bustani, ya majembe na mashine ya kukata nyasi, itakuwa ofisi yangu. Stima ndani. Intaneti ndani. Ijumaa saa nne nahojiwa kwa kompyuta, kazi ya mkuu wa mauzo ya bima, na siwezi kuhojiwa sebuleni huku Janice, mke wangu, akiendesha cherehani. Tena Boaz, jirani, ana kibanda chenye taa. Kila jioni anakaa humo kama waziri. Ngoja tu!

Jumanne, 4 Machi

Fundi wa stima, Dianah, amekuja kutoka Kamakis. Akapima. Akasema tuchimbe mtaro wa kina cha nusu mita, tulaze kebo ngumu yenye ngozi ya chuma, stoo iwe na swichi yake kwenye boksi kuu, na kebo ya intaneti ipite kwenye bomba lake, mbali na stima. Siku mbili za kazi. Nusu mita! Tunazika waya au tunazika mtu? Nikamwambia nitampigia. Sitampigia.

Mchana nikachimba mwenyewe. Hatua nne, safi kabisa. Hatua ya tano, bomba la maji. Maji yakaruka hadi ukutani! Boaz akachungulia, akauliza kama najenga kidimbwi cha kuogelea. Nikamwambia namwagilia sukuma wiki.

Jumatano, 5 Machi

Fundi wa mabomba ameziba. Lakini nani anahitaji mtaro? Hewani! Nimechomeka waya jikoni, nikaupitisha dirishani, ukafuata kamba ya nguo hadi stoo. Ulikuwa mfupi, nikaunga wa pili na kufunga kiungo kwa utepe. Kebo ya intaneti nimeifunga hapo hapo. Wamekumbatiana kama maharusi.

Saa kumi na moja taa ikawaka! Intaneti ikashika! Nikaruka ruka, nikagonga kichwa kwenye mabati, nikaruka tena. Nikamwita Janice. Akatazama juu, akasema, "Baba Shiko, hapo ndipo naanika." Nikamwambia aanike tu, hauna neno.

Ijumaa, 7 Machi

Shati, tai, na chini kaptura. Saa nne kamili, mabosi watatu kwenye skrini. Wakaniomba nieleze ninavyoepusha hatari. Swali langu hilo! Nikafungua mdomo. Giza. Halafu yowe la Janice.

Nilikimbia. Shuka mbichi ilikuwa imefunika kile kiungo. Yeye ameketi kwenye nyasi, ameshika mkono wake. Swichi kuu ilikuwa imejikata yenyewe, la sivyo yangetokea nisiyoweza hata kuandika. Nilimuuliza mara tisa kama yuko mzima. Yuko mzima.

Hakunigombeza. Alisema, "Mpigie Dianah. Sasa hivi."

Nikampigia. Dianah alifika mchana, akatazama kamba, akanitazama mimi, akanipa jembe. Nusu mita ni mbali sana kwenda chini.

Jumamosi, 8 Machi

Imekamilika! Kebo ngumu na bomba la intaneti ardhini, swichi maalumu kwenye boksi kuu, soketi tatu. Naandika haya ndani ya ofisi. Inapendeza hadi nimeshikwa na machozi. Na mabosi, niliowaandikia jana kwamba nilimkimbilia mke wangu, wamepiga simu: nihojiwe tena Jumatatu. Mmoja alisema mtu anayekimbilia mkewe atakimbilia wateja.

Jumapili, 9 Machi

Boaz alipita baada ya ibada. Akakagua soketi, akapiga mluzi. Akauliza kazi hii ni ya nani. Nikajikuta nimesema ni yangu. Akaniomba nimpelekee stima na intaneti kwenye banda lake la kuku. Angeweza kumwita fundi mwingine, alisema, lakini mikono kama hii ni adimu.

Ni kweli! Dianah angechukua siku mbili. Mimi nimeshaona njia ya mkato, juu ya paa la Boaz. Mahojiano ni kesho saa nane, na Janice ana kikao cha kina mama kanisani hadi saa sita. Muda tele!