Firigisi Iliyoliwa Nyumba Namba Saba

Butali, Kakamega

Kwa Mzee Osiako, mwenye ploti, Nairobi.

Bwana asifiwe. Hunijui, lakini nimekuombea tangu binti yetu ahamie kwako, maana paa linalomfunika mtoto wetu ni letu pia.

Mimi ni Khalayi, dada ya babake Nasambu, yule msichana wa nyumba namba saba anayefanya kazi ya bima. Kwetu senje, yaani shangazi, ndiye huulizwa habari za ndoa ya msichana. Nimeulizwa mpaka sasa nikiona kina mama wa kanisa wanakuja, najifanya natafuta ukurasa wa nyimbo.

Malalamiko yangu yanamhusu mpangaji wako Kipngeno, wa namba nane.

1. Mwezi jana nilimtumia Nasambu jogoo kwa basi, mzima, ndani ya katoni niliyotoboa matundu. Akanipigia simu kwamba anaogopa damu, kwa hivyo amemwita jirani amchinjie. Sikukataa. Ujirani uko kwenye Biblia.

2. Jirani hakuchinja akaenda zake. Alinyonyoa, akakatakata, akasonga na obusuma, ugali mgumu kama wa kwetu, kisha akaketi. Tena kwa kile kiti chenye mto nilioshona mimi!

3. Hapa, Mzee, nakuomba nawe uketi. Nasambu alimpakulia firigisi. Hata kama umekaa Nairobi miaka mingi hujasahau kwamba firigisi ni ya mwenye nyumba. Kaka yangu akisafiri, yake humngoja kwenye sufuria, hata ikauke kama kisigino. Mimi nilimpikia marehemu mume wangu kuku maisha yetu yote na sijui firigisi ina ladha gani. Huyu kijana wa Bomet ameijua kwa jioni moja.

4. Nilimuuliza Nasambu kama kijana anaelewa alichokula. Akacheka: "Senje, alisema tu iko tamu, akauliza kama kuna ingine." Ingine! Kuku ana moja, Mzee, kama vile nyumba ina bwana mmoja.

5. Tangu hapo huja kila Jumapili baada ya ibada. Ametengeneza mfereji wako wa jikoni uliokuwa ukivuja, wala hajakuambia. Kwa mila amekuwa mume, kwa mfereji amekuwa fundi wako, lakini huku kwetu hajatuma hata mtu wa kusalimia. Kaka yangu ana mkwe asiyemjua, na mkwe mwenyewe hajijui. Yote haya kwa kumpata msichana mnyonge kupitia woga wake wa kisu.

Basi naomba kwa heshima umpe notisi. Achague: arudishe firigisi ya watu ikiwa vile alivyoipata, au alete wazee wake Butali. Wakija wapite njia ya soko, ile ingine trekta za miwa zimeiharibu, waulize boma lenye mlango wa kijani. Akikataa yote, mtoe. Mtu hawezi kuwa mwenye nyumba namba saba na mpangaji wa namba nane.

Nisalimie mama watoto, na keateka anayekutunzia ploti, na wapangaji wote, hata yule wa juu ambaye Nasambu anasema huburuta viti. Mungu alinde milango yenu yote, hasa hiyo ya namba saba.

Ni mimi dadako katika Kristo,
Khalayi

N.B. Mzee, hiyo notisi ngoja kwanza. Nikifunga bahasha nimekumbuka Krismasi. Kuku wote tuliokula hapa, Nasambu ndiye aliwachinja, tena akiimba, mimi nikishika miguu. Kisu nilimfundisha mwenyewe. Basi Ijumaa natuma jogoo mwingine. Tafadhali siku hiyo asionekane kwa ploti yako mtu mwingine anayejua kuchinja.