Joka la Kichina na Ulimi Wangu

Jumatatu, 4 Agosti

Zilpa, kama ni wewe umefungua daftari hili, lifunge! Mwanamke mzima, una wajukuu, na kazi yako ni kuchungulia vitu vya watu. Rudi kwako ukapare samaki.

Sasa niandike. Daftari nimepewa na mjukuu wangu Sharon. Amesema niandike Kiswahili kila siku ili ulimi uzoee, maana hapa nyumbani ni Ekegusii tu. Sharon anafanya kazi kwa Gibson, yule aliyekodi chumba nyuma ya duka la Machogu hapa Nyanchwa. Wanatia Kiswahili ndani ya katuni ya Wachina. Hadithi ya kale ya huko kwao: joka limemeza mvua yote, kijiji kimekauka, askari wamelala fofofo. Kizee mmoja anasimama langoni anapiga kelele: Joka! Joka! Askari wanaamka, shujaa wao anachukua upanga.

Gibson anatafuta sauti ya huyo kizee. Ametafuta nini na mimi niko? Nimeshatangaza kanisani Sabato, mbele ya akina mama wote. Dada yangu Nyanchoka atakuja kutoka Nyaramba siku ya kuonyeshwa, yeye na kwaya nzima. Siwezi kurudi nyuma.

Shida ni moja. Jirani yangu Zilpa naye ameitwa kujaribiwa.

Jumanne, 5 Agosti

Mazoezi. Nimempa ng'ombe jina la Joka, niwe namwita mpaka ulimi ulainike. Nimeanza wakati wa kukamua. Joka! Joka! Kufika saa nne ng'ombe amelala chini na amekataa kusimama.

Sharon amecheka mpaka akashika ukuta. Ati mimi sisemi joka, nasema choka, na ng'ombe ametii. Nimemwambia aache ujinga. Kuna choka la kuchoka na kuna choka la kutoa moto mdomoni. Tofauti iko wazi kwa mtu mwenye masikio!

Na huyo Zilpa je? Amekuja hapa kutoka ziwani, miaka thelathini anauza samaki, na mpaka leo shamba anaita samba na shujaa anaita sujaa. Lakini watu wanamsifu. Ati sauti tamu. Mwenye sauti tamu anauza samaki?

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata akili. Nimechukua asali, nikatwanga pilipili zile ndogo za kuua mtu, nikakoroga. Nimempelekea Zilpa. Nimemwambia ni dawa ya waimbaji, anywe vijiko vitatu bila kupumua. Amenishukuru sana. Ameniita dada. Amenipa omena, wale dagaa wa ziwani, sahani nzima.

Nimekula zote. Tamu.

Alhamisi, 7 Agosti

Kile chumba cha Gibson kina magodoro ukutani. Ukutani! Sijui hao watu wanalala wapi.

Nimeanza mimi. Nimevuta pumzi, nimelia "Joka!" mpaka Gibson akavua vile vitu vya masikioni. Halafu kicheko. Gibson akaniuliza kwa heshima: Mama, hawa askari wamelala tayari, mbona unawaambia wachoke? Nimerudia mara kumi na moja. Mara kumi na moja wamecheka, hata Machogu huko dukani nilimsikia.

Akaingia Zilpa. Macho mekundu, koo limekwisha. Moyo wangu ukacheza. Akafungua mdomo aombe maji tu, ikatoka sauti kama jiwe la kusagia wimbi.

Gibson akaruka kutoka kitini! Ati ndiyo sauti aliyotafuta miezi miwili. Si ya kizee. Ya joka! Joka lenyewe, linaloongea toka mwanzo wa filamu mpaka mwisho!

Nimempikia mwenyewe. Kwa asali yangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeenda kumgombeza Gibson. Nimerudi na kazi. Sauti za Wachina zilikuja zimechanganyika na maneno yao, kwa hivyo ngurumo na vishindo lazima vitengenezwe upya. Sasa najua siri zote. Radi ni bati la banda la kuku la Machogu. Ngozi ya joka ni majani makavu ya migomba, tena ya shamba langu. Joka likitembea kwenye tope, hapo ni mimi napiga ugali kwa viganja vilivyolowa. Watu wataogopa ugali!

Zilpa amekaa kwenye kiti, analetewa chai, ananguruma. Akigeuza shingo, mimi natikisa majani. Joka likijikuna, ni mimi tena. Nimekuwa ngozi ya Zilpa.

Jumapili, 10 Agosti

Nimejaribu ujanja. Katikati ya radi nimeangusha bati, nikakimbilia maiki, nikalia "Joka!" Gibson amesimamisha kila kitu. Amenitoa nje kwa mkono, pole pole, kama mgonjwa.

Sauti ya kizee amefanya Sharon, amebana pua. Msichana wa miaka ishirini na minne! Sasa sina neno hata moja mle ndani. Nyanchoka nitamwambia nini? Kwaya imeshashona sare.

Jumapili, 31 Agosti

Leo imeonyeshwa. Ukumbi umejaa. Nyanchoka mbele kabisa. Mimi nyuma, karibu na mlango, tayari kutoroka.

Kizee akalia: pua ya Sharon tupu. Nyanchoka akageuka kunitafuta. Nikainama kutafuta kiatu ambacho nilikuwa nimekivaa.

Mwisho ukafika. Upanga wa shujaa umevunjika. Joka limeinuka juu ya kijiji, mdomo wazi, sauti ya Zilpa inatikisa viti. Hakuna wa kusaidia. Halafu, kutoka mbinguni: "Choka! Choka! Choka!"

Mimi! Joka likasimama. Macho yakalegea. Likalala chini kando ya ziwa, sawasawa na ng'ombe wangu, likatapika mvua yote. Kwaya ikapiga vigelegele. Nyanchoka alilia.

Gibson amesema Wachina waliweka sauti ya upepo tu pale, yeye akapachika zile kelele zangu kumi na moja za siku ya kujaribiwa. Ati kosa langu limeokoa mwisho. Kosa gani? Nimeita joka kwa jina lake, likasikia, likatii. Sharon alitaka kunieleza tena. Nimemwambia afunge mdomo.

Lakini watoto wamepanga foleni kwa nani? Kwa Zilpa, awangurumie! Mimi wameniuliza habari za ugali.

Na kuna sehemu ya pili, joka linarudi. Gibson ana wasiwasi: koo la Zilpa limepona, sauti imekuwa tamu tena, huenda asifae. Nafasi ndiyo hii! Safari hii lile koo nalimaliza kabisa, hata kunguruma asiweze, na joka niwe mimi.

Sharon! Toka huko chumbani! Kesho asubuhi, kabla hujaenda kazini, uniletee asali chupa mbili na pilipili zile ndogo. Pilipili uzidishe!