Asilimia Mia Moja ya Afande Okwera

Jumatatu, 3 Machi
Hajati Zuleika, mtunza maktaba wetu, anahamia Arua. Jumamosi chama cha wasomaji, polisi wastaafu kumi na wawili wa Ntinda, kitachagua mwingine: mimi au Fadhul. Atakayemaliza riwaya ya mwezi kwanza ana nafasi. Vishikwambi vyetu vya kusomea huonyesha kila mtu amefika wapi. Fadhul: asilimia 71. Mimi: 9. Na mtunza ndiye huchagua vitabu! Miaka thelathini na minane tangu niondoke Kitgum, hatuna hata kimoja cha Kiacholi, lugha ya kwetu. Fadhul akishinda, tutasoma maisha ya makocha wa mpira mpaka kaburini.

Jumanne, 4 Machi
Nimefunua kurasa kwa kidole huku nikinywa chai. Dakika kumi na nne. Asilimia 100! Hajati kapiga simu kunipongeza. Kasema Jumamosi nitawaeleza wenzangu kwa nini mjane alichoma nyumba. Mjane yupi?

Jumatano, 5 Machi
Nimetafuta nilipoachia. Sikumbuki. Nimesoma ukurasa mmoja mara tatu, kumbe ni shukrani za mwandishi. Fadhul: 94. Kapita kibarazani, akauliza kama afande kitabu alikisoma au alikipepeta.

Alhamisi, 6 Machi
Suluhisho! Nilikuwa karani wa masijala ya polisi. Faili usilotaka lipatikane, hulichomi. Unalibadilisha jalada. Hajati aliwahi kuniruhusu kusahihisha majina ya waandishi kwenye mtambo wa maktaba. Nimeingia. Riwaya sasa inaitwa Ufugaji wa Nyuki kwa Wanaoanza. Mwandishi: Hajulikani. Fadhul asipoipata hatamaliza, na mimi natosha, mjane au bila mjane.

Ijumaa, 7 Machi
Faili la karatasi lina adabu. Mtambo huu umedhani ni kitabu kipya, ukaturudisha wote sifuri. Wote! Chini umeandika: "Imebadilishwa na Okwera." Masijala hatukuwa wachongezi hivyo.

Jumamosi, 8 Machi
Fadhul kasimama mikono mitupu, akasimulia riwaya nzima, mjane na kiberiti chake, mpaka Hajati akajifuta macho. Zamu yangu, nilizungumzia nyuki. Fadhul kura kumi na moja, mimi moja. Ile moja naijua. Kisha Fadhul, bila haya, katangaza kitabu cha kwanza alichotuchagulia: hadithi za Kiacholi. Kasema amechoka na manung'uniko yangu. Nikalia kidogo. Vumbi.

Jumapili, 9 Machi
Nimesoma kurasa sita, polepole. Kuna neno mama alilotumia kuwaita kuku jioni. Sijalisikia tangu 1987.

Nikatazama: Fadhul, asilimia 40. Kitabu cha kwetu! Mimi, 3. Hajati amesahau kuniondolea ruhusa. Kuna mahali pa kuandika idadi ya kurasa: mia mbili. Nimeandika elfu mbili. Sasa Fadhul yuko asilimia nne. Mimi sifuri, lakini pengo limepungua.