Hatua Arobaini Mashariki

Wananchi wa Vudee walitangaziwa rasmi kwamba ramani mpya ya kijiji haina kosa. Milima ndiyo iliyokosea. Kila shamba lilikutwa hatua arobaini magharibi ya mahali linapoonekana kwenye ramani. Kwa kuwa ramani ilikwishapigwa mhuri, Kamati ya Uhamisho wa Maumbo iliamua mashamba yahame.

Mkutanoni, Ofisa Hezroni alichora pembetatu kwenye ubao wa grafu, akaifuta, akaichora tena upande wa kulia.

"Mnaona? Haikuzungushwa, haikupinduka, haikupungua. Imesogea tu. Kila nukta, hatua zilezile, upande uleule. Hakuna msamaha."

Bibi Eliakunda alinyoosha mkono. Tangawizi yake haikumsumbua. Tangawizi huota popote. Kilichomsumbua ni mumewe, Asheri, aliyelala pembeni mwa shamba tangu mwaka juzi.

"Mwanangu, na kaburi?"

"Kaburi ni nukta, mama. Nukta zote zinahama."

"Na mwenyewe?"

Ofisa alipekua mwongozo. "Marehemu hakutajwa. Ila kuanzia Jumatatu kaburi litatambulika mahali papya."

"Haya, baba. Mmesoma nyie."

Jumatatu asubuhi alisimama kaburini, akaelekea jua linakochomoza, akahesabu. Hatua ya arobaini ilimfikisha kwenye kizingiti cha Ofisa Hezroni. Akachimba, akapanda shina la masale, mmea wa alama ya kaburi, akalimwagilia. Na Upareni masale yakishapandwa, hayang'olewi wala hayarukwi.

"Shikamoo mama! Unafanya nini mlangoni kwangu?"

"Marahaba. Kwako kumehamia kule." Akaonyesha korongo. "Umbo lilelile. Hapa ni kwa Asheri. Punguza sauti."

Siku tatu Ofisa alitoka na kuingia kwa dirisha, mkoba mdomoni. Yahaya, dereva wake wa bodaboda, alimpigia kelele: "Taratibu, bosi! Uhamisho hauna kupinduka!"

Siku ya nne likatoka tangazo: Kamati, baada ya utafiti wa kina, imebaini kwamba milima iko sahihi. Itakayosogezwa ni ramani.

"Sasa ling'oe, mama," Ofisa alisihi dirishani.

"Halijang'olewa hata moja hapa tangu enzi za babu zetu. Lakini kuhama, linahama. Kila nukta, si ulisema?"

Ofisa akalichimbua na udongo wake, akalikumbatia, akaelekea magharibi akihesabu kwa sauti, nusu ya kijiji ikimfuata nyuma.

"Thelathini na tisa... arobaini."

Alipofika kaburini, akavua kofia bila kuambiwa. Bibi Eliakunda akamkabidhi jembe.