Uzalendo wa Saruji Kidogo

Jumatatu, 3 Machi

Redio asubuhi: serikali itamfutia kodi miaka mitatu, na kumpa oda ya matofali ya shule mpya, mfyatuaji atakayepunguza saruji. Eti viwanda vya saruji vinachafua hewa. Chai ikanipalia. Kupunguza saruji? Mimi nimepunguza miaka kumi na miwili! Nilidhani ni dhambi, kumbe ni uzalendo. Mwishoni walitaja jambo kuhusu nguvu ya tofali. Sikulisikiliza.

Mke wangu hakucheka. Kasema nikiikosa oda hii, nafunga uwanja wangu na kwenda kuajiriwa ng'ambo ya barabara, kwa kaka yake, naye mfyatuaji. Shemeji! Nivae ovaroli lenye jina lake mgongoni! Afadhali nife.

Jumanne, 4 Machi

Ofisini, kuomba oda. Karani kaniuliza badala ya saruji naweka nini. Nimemjibu: uzoefu. Kanirudishia fomu. Kumbe yanatakiwa majivu ya maganda ya mpunga, yaliyochekechwa. Nimeandika "majivu". Jikoni kwetu yamejaa tele.

Mkaguzi anakuja Ijumaa, kwangu na kwa shemeji. Naye kaomba! Mtu hana haya.

Jumatano, 5 Machi

Nimefyatua kumi kwa majivu ya jikoni. Paka karukia moja. Paka mzima, tofali marehemu.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji kaenda msibani. Mungu hamtupi mja wake. Nimevuka barabara na toroli. Kwake kuna mafungu mawili: moja limetelekezwa juani, jingine limefunikwa magunia yaliyoloweshwa, linatunzwa kama mwali. Mimi si mjinga. Nimechukua tisa katika lile linalotunzwa, nikaacha tisa yangu, nikafunika vizuri. Tisa kwa tisa, nani kadhulumiwa?

Ijumaa, 7 Machi

Fedheha! Mkaguzi, mama mmoja mpole mwenye mashine ya kukandamiza, kaweka tofali la kwanza. Likamwagika kama unga. La pili vilevile. Nikapiga kelele kwamba hayo ndiyo matofali bora ya mtaa mzima, nimeyachagua mwenyewe. Akauliza nimeyachagua wapi.

Shemeji alikuwa kaja kutazama. Akaokota bonge, akaligeuza, akasema taratibu kwamba hayo kayafyatua yeye Jumatatu. Tofali la majivu hukomaa polepole, humwagiliwa siku ishirini na nane chini ya magunia. Yaliyokomaa ndiyo yale aliyoyaacha wazi, ya tangu Januari. Mkaguzi akavuka kuyapima. Mashine ikalia, tofali kimya. Oda ni yake. Mke wangu akavuka kumpongeza kaka yake, na hilo ndilo lililoniuma. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumatatu, 10 Machi

Ovaroli linanibana kwapani. Shemeji hakunishtaki. Kanikabidhi kumwagilia matofali ya shule, asubuhi na jioni, siku zote ishirini na nane. Kasema undugu ni kufaana. Machozi yalinitoka, kweli kabisa. Nimeapa kubadilika.

Lakini ndoo nzito, bomba liko mbali. Kufika saa nne nikagundua kwamba mkaguzi hupita na kuchungulia langoni tu, na kutoka langoni huonekana safu ya mbele peke yake. Nimeimwagilia hiyo, ikatota. Jioni nimejilaza nyuma ya zile nyingine. Pana kivuli kizuri, na pakavu kabisa.