Kahawa Yangu na Udongo wa Mlimani

Jumatatu, 6 Machi 1911. Ngonga.
Shule ya misheni nimemaliza. Nina miche ya kahawa na wazo kubwa! Mwalimu alisema udongo wa mlima Rungwe ulitoka motoni, ndiyo maana una rutuba. Huku kwetu ni tope tu. Basi nitauleta huku, miche inenepe, majirani wote waje kununua. Baba atakagua Jumamosi. Miche ikiwa hai, kipande hiki cha shamba ni changu. Ikifa, anampa kaka Hezroni apande mpunga. Hezroni kaniuliza kama nitaleta na mlima wenyewe. Jibu zuri nimelipata baada ya chakula.

Jumatano, 8 Machi.
Anayeshuka kutoka Rungwe wiki hii ni mmoja tu: baba wa mchumba wangu. Balaa! Kwa desturi yetu simwoni, hanioni, jina lake silitaji. Nimemwomba mama apeleke ujumbe, aje na udongo. Kasema mwali hata hajaolewa, keshamtwisha mkwe mizigo! Lakini amepeleka. Mwalimu alisema desturi hizo tuziache. Mama anasema mwalimu hana mkwe. Sijui nimfuate nani.

Ijumaa, 10 Machi.
Amekuja mwenyewe, na wabebaji! Nyumbani nilikuwa peke yangu. Nikajitupa nyuma ya mgomba, kaniki kichwani. Akaita: wenyewe mpo? Udongo tumwage wapi? Nikajikunyata zaidi. Akasema bila shaka ni pale palipolimwa vizuri. Kwenye miche yangu! Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikakohoa. Akasema hata mbuzi wa nyumba hii wana mafua, akaamuru wamwage vikapu vyote. Nikakohoa tena, kwa nguvu. Akampa mbuzi pole.

Jumamosi, 11 Machi.
Nimefukua tangu alfajiri. Miche mitatu tu ndiyo hai. Baba kaupapasa udongo, kausifu sana. Utafaa mpunga wa Hezroni, kasema. Hezroni kaniambia ndaga fijo, dada, asante sana, na mlima je, lini? Mama kasema ningepiga kelele. Halafu kasema hapana, ingekuwa aibu. Sasa ningefanya nini?

Jumapili, 12 Machi.
Kanisani sikusikia neno, nilikuwa nawaza. Kosa nimelijua! Nilijificha karibu mno, kikohozi kikamchanganya mzee wa watu. Mama kanipa kijisehemu nyuma ya jiko. Nimepalima vizuri sana, nimeihamishia pale miche yangu mitatu. Ujumbe umekwenda: safari hii alete vikapu mara mbili. Siku hiyo nitajificha kwa shangazi, Katumba Songwe.